Land Rover ya zamani: sifa ni za kweli, lakini soma hii kabla ulipe

Mkuu uliyeuliza kama ununue hiyo Defender 110 (Land Rover ndefu ya zamani) ya injini ya 300Tdi, dizeli ya turbo, uliyoonyeshwa Rongai, ama uwasikize marafiki zako wanaokucheka wakikuambia utafute Land Cruiser, na kama hizi sifa za Land Rover ni za ukweli ama ni stori za wazee wanaokumbuka enzi zao, nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hayo majibu ya mstari mmoja uliyopewa na wengine (mara "achana nayo", mara "Mwingereza ni Mwingereza") hayamsaidii mtu anayetaka kutoa pesa yake.

Sifa ni za kweli, ila si za chuma peke yake. Huku kwetu Land Rover ilipata jina kwa sababu popote ilipokwama palikuwa na mtu anaijua na palikuwa na ingine imekufa karibu ya kutolewa spea. Hicho kitu ndio kilikuwa uimara wake. Ukikitoa unabaki na gari iko na ubovu wake wote na nusu ya sifa. Shika hapo ndio mengine yote yataeleweka.

Mimi nimekulia garaji. Nilianza Industrial Area kama kijana wa kushika tochi na kuosha spea na petroli, garaji ilikuwa inahudumia magari ya kampuni za safari, ya wamisheni wa huko kaskazini, na ya wazee wa Kizungu wa Karen na Nanyuki ambao hawakuwa wanataka kusikia habari ya gari ingine. Halafu mjomba wangu alikuwa dereva wa serikali, idara ya maji, namba za GK, ameendesha Isiolo, Marsabit na North Horr wakati lami ilikuwa inaishia Isiolo na baada ya hapo ni wewe na Mungu na taniboi wako. Sasa mengi nitasema yametoka hapo, kwa garaji na kwa mjomba.

Watu wengi wanadhani Land Rover ilianzishwa na jeshi ama na watu wa kupenda vituko vya porini. Hapana. Rover ilikuwa kampuni ya magari ya heshima, ya madaktari na mameneja wa benki wa Uingereza. Vita vikaisha 1945, nchi imejaa madeni, chuma inatolewa kwa kibali, na serikali inapendelea kumpa chuma yule anayeuza ng'ambo. Rover wako na kiwanda kikubwa pale Solihull kilichojengwa wakati wa vita kwa kazi ya injini za ndege na hawana gari ya kukijaza. Maurice Wilks ndio alikuwa mkuu wa uhandisi pale, ndugu yake Spencer ndio mkurugenzi, na Maurice alikuwa na shamba Anglesey kule Wales ambako alikuwa anafanya kazi na Jeep ya Willys iliyobaki ya jeshi la Marekani. Inasimuliwa kwamba Spencer alimuuliza, hiyo Jeep ikichoka kabisa utanunua nini, Maurice akajibu nitanunua Jeep ingine, kwani kuna nini kingine? Hapo wakaona biashara. 1947 wakajenga ya majaribio juu ya chasisi ya Jeep yenyewe, usukani ukiwa katikati, si kulia si kushoto, na tarehe 30 Aprili 1948 wakaileta gari yenyewe kwa maonyesho ya Amsterdam, hapo usukani ushapelekwa pembeni.

Sasa angalia hii, kwa sababu ndio naipenda sana kwa hii historia yote. Karibu kila kitu tunachokisifu leo kilitoka kwa umaskini wa wakati ule. Bodi ni ya aluminiamu kwa sababu chuma ilikuwa ya kibali na aluminiamu ya ndege ilikuwa imebaki tele. Paneli zimenyooka hazina mikunjo kwa sababu hawakutaka kulipia mitambo ya kukunja. Rangi ya kijani ni kwa sababu ndio ilikuwa imebaki kwa mambo ya ndege za kijeshi. Chasisi walikata vipande vya bamba wakachomelea pande nne ikawa boksi. Urefu wa ekseli hadi ekseli ulikuwa inchi 80 tu, injini lita 1.6 ya nguvu za farasi kama 50, na walikuwa wanafikiria ni gari ya kupitisha msimu mgumu halafu warudi kwa saloon zao. Haikuchukua muda ikawa inauza kushinda hizo saloon. 1966 wakafika nusu milioni, 1976 milioni moja. Lengo lilikuwa shamba, hata nyuma kulikuwa na mahali pa kutolea nguvu ya injini, unaunganisha pampu ya maji ama msumeno, gari imesimama lakini inafanya kazi.

Huku iliingia wakati wa mkoloni. Walowezi wa Nanyuki na Kitale walikuwa nayo, halafu miaka ya 50 wakati wa hali ya hatari polisi na jeshi ndio walikuwa wanaitembeza vijijini, na hapa huwa tunaruka haraka tukisifu, lakini ukiongea na wazee wa Nyeri ama Murang'a hii gari si kumbukumbu tamu hata kidogo. Land Rover ikisikika inapanda ridge usiku watu walijua kuna mtu anaenda kubebwa. Uhuru ukaja 1963, serikali mpya ikarithi magari na ikarithi mafundi na ikaendelea kununua zilezile. DC alikuwa nayo, polisi walikuwa nayo, mifugo, maji, afya, wanyamapori, misheni, wote gari ni moja. Kampuni ya CMC ndio walikuwa mawakala wa kuziuza kwa miaka na miaka. Miaka ya 70 Leyland, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na Land Rover wakati huo, wakaweka kiwanda pale Thika, Land Rover zikawa zinaunganishwa hapo kilomita kama 40 kutoka tao. Hicho kiwanda ndio baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Sasa fikiria hiyo ina maana gani kwa mtu amekwama Laisamis, huko njia ya Marsabit. Ina maana kituo cha polisi kiko na Land Rover, misheni iko na Land Rover, na nyuma ya ofisi ya ujenzi kuna mbili ziko juu ya mawe hazina magurudumu. Boliti ni zilezile. Dereva wa polisi anajua sauti ya ugonjwa wako kabla ufungue boneti. Mjomba alikuwa anasema yeye hakuwahi kuogopa kuharibikiwa, alikuwa anaogopa kukosa maji ya kunywa. Na si kwamba gari haikuwa inaharibika! Ilikuwa inaharibika sana, hilo nalisema mapema kabla mashabiki wanishukie.

Chukua hafu-shafti za nyuma, zile shafti mbili zinazotoka kwa difu (boksi ya gia katikati ya ekseli) kwenda kwa magurudumu. Kwa zile Series II na IIA (Series ndio zile Land Rover za kabla ya Defender) zilikuwa nyembamba, ukibeba mzigo mkubwa halafu uachilie klachi vibaya ukipanda mawe unasikia "tang!" na gari inabaki inanguruma bila kwenda popote. Mjomba alikuwa anabeba moja nyuma ya siti kila safari na hiyo haikuwa ushujaa, kila dereva wa GK alikuwa anabeba. Lakini sasa ona jinsi hiyo gari ilifikiriwa. Gurudumu lenyewe linashikiliwa na habu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hivyo huhitaji jeki. Unafungua boliti 6 pale katikati ya gurudumu, unachomoa shafti, unaingiza ingine, unafunga. Shida ni kile kipande kimebaki ndani ya difu, hapo unachomoa shafti ya upande ule mwingine pia, unatafuta chuma ndefu nyembamba unasukuma kipande kitoke. Gari nyingi zikikata shafti zinangoja lori ya kuvuta. Hii ilikuwa inangoja dereva amalize kutukana. Na kama ulikuwa na haraka unaweka ile stiki ya njano chini, nguvu inaenda mbele, unatoka hivyo hivyo polepole na magurudumu ya mbele mpaka mahali kuna kivuli.

Kwa mliozaliwa juzi, zile Series zilikuwa na stiki tatu. Ile ya gia, halafu ndogo ya kichwa cha njano unaisukuma chini ndio ekseli ya mbele inashika, halafu ya kichwa chekundu unavuta unaingia gia ndogo za nguvu. Hakuna swichi, hakuna taa ya kukuambia imeshika ama haijashika, unahisi na makalio.

Injini yenyewe iliyotutengenezea jina ni ile ya lita 2.25 ya petroli iliyokuja na Series II mwaka 1958. Haina mbio. Kwa mlima wa Limuru lori la viazi linakupita na makanga anakupungia mkono. Lakini haikuwa inachagua petroli, na ile petroli ya mapipa iliyokaa juani mwezi mzima huko Marsabit ilikuwa inaila tu. Betri ikifa kulikuwa na hendeli ya mbele unazungusha kwa mkono (kidole gumba kiweke upande mmoja na vingine, wazee wanajua kwa nini). Kabureta unaifungua na bisibisi moja. Bodi ikibonyea unagonga na nyundo ya mpira ama unafungua madigadi yote unapeleka kwa fundi amekaa chini ya mti.

Tuseme na mabaya bila kupunguza. Joto. Injini iko karibu na miguu yako na ukienda Magadi mchana mguu wa klachi unaiva. Vumbi linaingia hata ukifunga kila kitu, mvua nayo inaingia palepale vumbi lilipita. Umeme wake ulikuwa wa hovyo, sijui nitumie neno gani lingine, taa zinaamua zenyewe. Oili inavuja kila mahali, na mzaha wa garaji yetu ulikuwa ukiona Land Rover haivuji angalia kama oili imeisha. Breki za zile za kwanza, heri ukae mbali na mwenzako. Na kutu! Watu wanasikia aluminiamu wanadhani haiozi. Bodi ndio ya aluminiamu, chasisi ni chuma, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, halafu pale aluminiamu inagusana na chuma na kuna unyevu zinaanza kulana zenyewe. Nimeona Series III za Mombasa, nje zimepakwa rangi zinapendeza kabisa, chini unapitisha kidole kwa chasisi.

Haya, Land Cruiser. Toyota walianza 1951 na gari yao ya kufuata mtindo wa Jeep, wakaipa jina Land Cruiser 1954, na hilo jina wenyewe walilitafuta wakimwangalia Land Rover, hawakuficha. Ile Land Cruiser FJ40 ya 1960 ndio iliyoanza kuwatoa Waingereza jasho, Australia kwanza halafu Afrika. Ilikuwa na injini ya silinda 6 kubwa, ekseli nene, shafti hazikatiki. Wakati huohuo Land Rover wako chini ya British Leyland, kampuni imejazwa magari ambayo hayafanani, migomo kila siku, pesa za Land Rover zinaenda kuziba mashimo ya saloon ambazo hazinunuliki. Series III ilitoka 1971 na wakaiuza mpaka 1985 na injini ya kawaida ni ileile ya lita 2.25! Mkulima wa Australia anauliza nguvu iko wapi, wao wanambadilishia dashibodi. Mjapani 1984 akaleta Land Cruiser zinazoitwa Series 70, halafu 1990 akaweka injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, inavuta tu. Hiyo injini ukiifanyia sevisi inavyotakiwa itakumaliza wewe kabla uimalize.

Huko Australia ndio wana ule msemo kwamba ukitaka kwenda porini chukua Land Rover, ukitaka kurudi chukua Land Cruiser. Huku nao ulifika na unasemwa kila baa iko na madereva wa safari. Kuna ukweli, lakini naona unaficha kitu. Land Cruiser haikushinda kwa sababu haiharibiki, nimefungua geaboksi zake nyingi tu, na chasisi zake zinapasuka pia zikirefushwa za kubeba watalii halafu zipigwe ile barabara ya Narok kwenda Mara ya zamani. Ilishinda kwa sababu miaka ya 80 na 90 ilikuja na kilekile Land Rover alikuwa nacho zamani. Mashirika ya misaada yakaanza kununua nyeupe za namna moja kwa wingi, kampuni za safari zikafuata, spea zikajaa Kirinyaga Road, kila fundi wa Isiolo na Lodwar akajifunza 1HZ. Zile Land Rover za nyuma ya ofisi zikauzwa kwa mnada kama vyuma. Ule mtandao ukahama na ukahama na jina. Leo ukikwama Laisamis na Defender dereva wa polisi aliye na Land Cruiser anakuangalia kwa huruma, hana boliti ya kukusaidia.

Tanzania ilikuwa tofauti kidogo, wale hawakuachana nayo haraka. Mikoani zile Land Rover ndefu za 109 zilibeba abiria na magunia miaka mingi mno, na Arusha Oktoba 2024 walifanya tamasha la Land Rover peke yake, msafara hadi mwisho wake huuoni. Mwenye shaka kama mafundi bado wapo avuke Namanga aone.

Turudi kwa gari yako sasa. 1983 ndio Land Rover waliamka, wakatoa One Ten (ndio hiyo 110), mwaka uliofuata Ninety, fupi yake. Kwa macho ni ileile, chini ni gari ingine. Springi za koili badala ya zile za vyuma vya kupangwa, kitu walikuwa wamekijaribu kwa Range Rover tangu 1970. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote na unafunga difu ya katikati ukihitaji. Jina Defender lilikuja 1990 tu, kwa sababu mwaka uliotangulia walikuwa wametoa Discovery na ikawa lazima hii ya zamani nayo iitwe kitu. Kwa hivyo mtu akikuambia ako na Defender ya 1985, mwache tu. Dizeli za turbo nazo zikaja hivi: 200Tdi 1990, 300Tdi 1994, halafu Td5 mwaka 1998, halafu injini ya familia ya Ford Transit 2007.

Kwangu mimi 300Tdi ndio ya mwisho ambayo fundi wa kawaida wa Nairobi anaweza kuisoma bila kompyuta. Nguvu ya farasi 111, haitakufanya utajike barabarani, ila inakula mafuta kidogo kuliko Land Cruiser ya 1HZ. Td5 ni injini nzuri sana na inavuta zaidi lakini iko na ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima, oili inapanda polepole ndani ya waya za injekta mpaka inafika kwa kompyuta, gari inaanza kukohoa na fundi asiyejua anakubadilishia pampu, noseli, kila kitu, na dawa ni kubadilisha ile waya na kusafisha plagi nyekundu.

Hiyo ya Rongai sasa nenda na mtu, usiende peke yako na usiende jioni. Lala chini. Beba nyundo ndogo, gonga chasisi nyuma kabisa pale bampa inashika, gonga mikono inayoshika bodi pembeni, sauti ikiwa ya kukazana sawa, ikiwa ya bati umejijibu. Inua mikeka ya mbele uangalie sakafu na kona za ule ukuta wa injini. Uliza taiming belti ilibadilishwa lini na uone risiti, kwa sababu zile 300Tdi za kwanza kwanza belti ilikuwa inakaa vibaya ikijila kando. Angalia kama kuna maji yanavuja mbele ya injini karibu na pampu ya maji, kuna gaskiti ndogo pale, spea yenyewe si pesa lakini ukiipuuza maji yanaisha, na hedi ni ya aluminiamu, ikichemka mara moja vibaya inapinda. Mipira ya chuma kwa magurudumu ya mbele, zile duara zinang'aa, pitisha kidole, ikiwa na mashimo ya kutu sili yoyote utakayoweka itavuja.

Halafu logbuku. Hapa wengi wanaumia. Gari nyingi za hii aina zimebadilishwa injini huku, utapata Isuzu, Nissan, Toyota, kila kitu, zingine zimefanywa vizuri kabisa na mimi siwezi kumcheka mtu ameweka injini inayopatikana. Lakini namba ya injini na ya chasisi lazima zilingane na karatasi, na ujue kuna Defender zimezaliwa kwa kuunganisha mbili ama tatu. Sababu ni rahisi, sheria yetu hairuhusu kuingiza gari imepita miaka 8, na Defender ya zamani iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016 pale Solihull baada ya zaidi ya milioni 2 ukihesabu na Series zote. Kwa hivyo zilizoko ndizo hizo, na Wazungu kwao bei imepanda, na hapa bei inafuata. Muuzaji anajua. Usimwambie unaipenda.

Spea zipo, lakini ziko za aina tatu na ni muhimu ujue unanunua gani. Kuna za kampuni, kuna za viwanda vilevile vinavyotengenezea kampuni bila nembo, na kuna kopi. Bushi na sili za kopi zitakurudisha garaji kabla msimu wa mvua uishe. Kwa hizi vitu ndogo ndogo lipa. Paneli za bodi na vitasa nunua za kuokota, hakuna neno.

Kuna mtu amekuandikia nunua Defender mpya tu uachane na haya makelele. Mpya, ile ilionyeshwa Frankfurt 2019 na inatengenezwa Nitra huko Slovakia, ni gari kali, na nitawakasirisha wazee wenzangu nikisema porini inaishinda ile ya zamani karibu kila mahali, inapita maji ya milimita 900 na haikuchoshi. Lakini haina chasisi ya kugonga na nyundo, imejaa sensa, na ikizima North Horr hakuna mtu wa kumwita. Hiyo ni gari ya kwenda na kurudi Karen kwa furaha, na wenyewe Land Rover wamepita mikono ya British Aerospace, BMW 1994, Ford 2000, na Tata wa India tangu 2008, biashara yao ya leo ni magari ya kifahari na hawajaficha. Kuwalaumu kwa hilo ni kulaumu kinyozi kwa kutouza mkate. Ukitaka kuona zile za zamani zikifanya kazi yake nenda Rhino Charge karibu na mwanzo wa Juni, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, mshindi ni yule amepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hivyo watu wanashuka makorongo moja kwa moja, na utaona vyuma vingi pale ambavyo chini ya vumbi na winchi vilianza maisha vikiwa Range Rover ama Land Rover za kawaida.

Sasa, ninunue nisinunue? Inategemea unaenda nayo wapi na nani anaishika. Kama kazi yako ni kupeleka watalii Mara kila wiki na gari ikilala siku mbili unakosa pesa, marafiki zako wako sawa, chukua Land Cruiser hata iwe imechoka, spea utapata usiku. Kama kazi yako ni kubeba mzigo mjini na vijijini wala huhitaji magurudumu manne, nunua Probox, sikutanii, hiyo ndio Land Rover ya Kenya ya leo ukiangalia ni nani anaitegemea. Lakini kama ni gari ya pili, uko na mahali pa kuiweka yenye paa, unapenda kuchafua mikono, na uko na fundi wa Land Rover wa kweli ambaye si yule anasema "gari ni gari", basi 300Tdi yenye chasisi nzima ni ununuzi mzuri na itakupeleka jangwa la Chalbi na kukurudisha. Fundi mtafute kwanza, gari baadaye. Hao wazuri wamebaki wachache na wengi ni wazee, waulize watu wa magari ya wamisheni na wa mashamba ya Naivasha, wanawajua.

Na usilipe deposit kabla hujaona chini. Weka hapa picha za chasisi ya nyuma pande zote mbili, za sakafu ya dereva mkeka ukiwa umetolewa, na ya namba ya injini (ficha tarakimu za mwisho), tukuambie kama bei anayotaka inaingia akilini.